Ukiitwa na Usiyemwona

Jumatatu, 8 Januari

Mimi Zuleha binti Makame, mpishi na mlezi wa watoto katika kituo cha Mwalimu Cecilia hapa Chang'ombe, nimepewa daftari. Kanipa huyu mwalimu mpya, Anjelina, kitoto cha juzi, katoka chuo na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. Ati kila anayelea watoto aandike alichofanya na kitu gani angefanya tofauti. Ijumaa yeye analisoma.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nimelea wanane wa tumbo langu na nusu ya mtaa huu. Nifanye tofauti nini?"

Akacheka. "Andika hivyohivyo, Bibi."

Haya, nimeandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na madrasa nikahitimu. Mwandiko wangu unasomeka kuliko wake.

Jumanne, 9 Januari

Watoto ishirini na sita. Uji wa ulezi. Mvua inatishia tu, hainyeshi.

Alhamisi, 11 Januari

Ukuta wetu wa nyuma ni wa tofali za udongo. Ng'ambo yake pana njia ya watu, na baada ya njia ni korongo. Sasa kila apitaye huko anawaita watoto. Muuza barafu anaita, wahuni wanaita, na watoto wanarundikana ukutani kama kuku walioona pumba. Jana mwanamume nisiyemjua alimwita Yusra kwa jina lake. Jina kalijuaje? Kalisikia tukiliita sisi. Yusra ana miaka minne, binti wa yule mama anayefanya kazi ofisi za serikali kule Mtumba. Mtoto huyu anamkimbilia kila amwitaye, na anaitika kwa kuvuta: "Abeeee!"

Leo nimewakalisha mkekani nikawapa habari ya Mwitaji. Mwitaji hana uso. Ana sauti tu, na sauti yenyewe anaiazima, leo ya mama yako, kesho ya mwalimu. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ziba mdomo kwa mikono miwili, ukae kimya mpaka aondoke. Ukiitika, anakuchukua. Nikawaambia na mdogo wangu Adija alivyochukuliwa kule Bahi kwenye majaruba ya mpunga, mwaka wa mvua nyingi. Aliitwa, akaitika, akaenda. Alikuwa na miaka minane.

Ndivyo alivyotufundisha mama yetu, na mama yake alimfundisha yeye.

Tangu saa nne hakuna aliyesogelea ukuta. Ndilo nililofanya leo. Tofauti, hakuna.

Ijumaa, 12 Januari

Kasoma. Kaandika pembeni ya maneno yangu ya jana kwa kalamu nyekundu, na tarehe kabisa, kama hakimu: "Bibi, hili tuliache. Mtoto asiyeitika, siku akipotea hatutampata. Tuzungumze."

Tumezungumza, kwenye veranda.

"Bibi, mtoto aliyetishwa haachi kosa. Anajifunza kujificha."

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Chuoni. Ni miiko ya kazi yetu, hatumtishi mtoto ili atulie."

"Miiko naijua mimi. Wa kwanza ni kutomwandikia bibi yako kwa wino mwekundu."

Nilisema kwa sauti ili watoto wacheke, wakacheka. Yeye akainama akaendelea kumvalisha Nurdini viatu. Anjelina, ukisoma hapa usinune.

Jumatano, 17 Januari

Mvua. Kuni mbichi. Macho yananiwasha kwa moshi.

Jumatatu, 22 Januari

Anjelina aliingia stoo kuchukua mikeka, akaanza kuita majina akiwa hukohuko ndani. Hakuna aliyeitika. Akaita tena. Kimya. Alipotoka akawakuta wote ishirini na sita wamekaa, mikono mdomoni, macho yamewatoka. Alipauka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Akapiga magoti mbele yao. "Mimi mwalimu wenu. Nikiwaita, itikeni."

Yusra akaondoa mikono. "Nitajuaje kama ni wewe?"

Anjelina akanitazama mimi. Nikaenda kuchochea moto.

Ijumaa, 26 Januari

Kanishitaki kwa Mwalimu Cecilia. Mwalimu Cecilia kamjibu mbele yangu: "Muache mama. Wazazi wanaleta watoto hapa kwa sababu yake, si kwa sababu ya cheti chako." Kweli tupu. Leo nimetembea mgongo umenyooka.

Jumanne, 30 Januari

Mvua ya tatu mfululizo. Ukuta wa nyuma umelowa mpaka kimo cha kiuno changu. Mwalimu Cecilia anasema utajengwa mwezi wa sita.

Mchana, watoto wamelala, nimesikia mtu ananiita nje. "Zuleha." Jina tupu, bila bibi wala mama. Nimechungulia. Hakuna mtu. Nimerudi kuosha masufuria.

Alhamisi, 8 Februari

Naandika ya juzi. Jana mkono haukukubali.

Juzi Jumanne mvua ilipiga saa nane, watoto wamelala. Mvua juu ya bati ilikuwa kama mtu anamwaga kokoto, na radi juu yake. Nurdini, wa miaka mitatu, akajichafua kwa hofu. Anjelina akaja mlangoni kwa jiko amembeba. "Bibi, nakwenda kumwosha. Wasimamie wenzake." Nikasema, "Haya."

Nilisema haya. Ila kuni zilikuwa nje zinalowa, nikaanza na kuni.

Ukuta ulipoanguka tulidhani ni radi. Nilipofika chumbani wengine walikuwa wanalia, na mkeka wa Yusra ulikuwa mtupu. Viatu vyake vipo. Nyuma pana tundu la kupita ng'ombe.

Mtaa mzima ulitoka. "Yusraaa! Yusra weee!" Wanaume waliingia korongoni maji yakiwa magotini. Mama yake alishushwa na bodaboda, kavaa viatu vya ofisini, akavivua akavitupa, akashuka naye anaita. Na mimi niliita. Niliita mpaka sauti yangu ikagonga ng'ambo ya korongo ikanirudia, na iliponirudia haikuwa yangu. Ndipo nilipojua.

Nilijua yuko karibu na anatusikia. Nilijua kila tunapomwita tunamzidishia kuziba mdomo. Ilitakiwa niseme, "Nyamazeni, msiite, tafuteni kwa macho." Maneno matano tu. Wangeniuliza, kwa nini? Nikanyamaza kuita, na hilo nisiliseme. Nilisimama ukingoni na mwavuli, watu wakidhani nimechoka, na mama yake yuko hatua kumi kutoka kwangu anaita.

Nilisimama hivyo kwa muda wa saa moja na zaidi.

Saa kumi na moja na nusu Masudi, yule anayechomelea mageti, aliinama kuchomoa kandambili yake iliyonasa matopeni, akaona mguu ndani ya kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya njia. Yusra alikuwa amekaa juu ya takataka, maji kifuani. Masudi alikuwa amepita pale mara nne akimwita.

Kanisimulia mwenyewe. "Mama, alikuwa ananitazama. Kaziba mdomo kwa mikono miwili. Nilipomshika akafumba macho."

Ijumaa, 9 Februari

Nimonia. Yuko hospitali na mama yake. Hasemi.

Jumatatu, 12 Februari

Mwalimu Cecilia kaniita ofisini, kafunga mlango. Mezani pana barua ya kupeleka ustawi wa jamii, wao ndio wanaotoa kibali cha kituo. Imeandikwa kwamba mwalimu Anjelina aliacha watoto bila mtu wa kuwaangalia. Ikienda hivyo, msichana huyu hatashika mtoto wa mtu tena popote.

"Aliniambia niwasimamie," nikasema.

"Mama, nani anajua hilo? Wewe na yeye." Akanisogelea. "Na daftari lako nalijua. Pana maneno ya wino mwekundu na tarehe. Wakiyaona, watasema kituo kilionywa kikapuuza, tufungiwe. Watoto ishirini na sita waende wapi? Wewe uende wapi? Chana hiyo karatasi."

Nimeichana. Nimeifunga kwenye pindo la kanga. Kuitia motoni nimeshindwa, na sijui kwa nini.

Jumanne, 13 Februari

Anjelina kaondoka. Kwao ni Hombolo, wazazi wake wana shamba la zabibu. Kabeba godoro lake kalikunja kwa kamba. Kapita jikoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Nilingoja aniseme. Ulimi wangu ulikuwa tayari na majibu makali matatu. Hakunisema. Kasema tu, "Yule mtoto akirudi, Bibi, msimwite kwa nyuma yake. Zungukeni awaone kwanza."

Jumatano, 14 Februari

Mvua.

Ijumaa, 16 Februari

Mvua. Wazazi wawili wamenipa pole, ati mwalimu mzembe kaniponza. Nimepokea pole.

Jumatatu, 19 Februari

Yusra katoka hospitali. Mama yake anasema anakula vizuri, anacheza na kikombe. Ila jina lake haliitiki. Akiitwa toka chumba cha pili, anaingia chini ya kitanda.

Mchana nimeitwa tena, nikiwa nachota maji. "Zuleha." Nimejikuta mikono iko mdomoni na ndoo imemwagika miguuni.

Alhamisi, 22 Februari

Daftari hili hakuna tena wa kulisoma Ijumaa, basi nitasema.

Wanaoniita hapa wananiita Bibi, au mama Harithi, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Zuleha tupu aliniita mmoja tu kwa namna ile, kama anayeomba kitu. Adija.

Baba alikuwa ananunua mpunga Bahi, akaoa huko, tukazaliwa huko. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulipelekwa kuamia ndege wasile mpunga, mimi juu ya dungu, kile kichanja cha miti, na kombeo langu, Adija chini anapiga debe. Mvua ilikuwa haijanyesha kwetu, ilinyesha mbali, kwa hiyo maji yalikuja kimyakimya kupitia kwenye matete. Debe likaacha kulia. Kisha nikasikia, "Zuleha!"

Nikatazama. Naona matete tu, yanatikisika.

"Zuleha!"

Mama alikuwa ametufundisha. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nikaziba mdomo. Kaniita mara saba. Nilizihesabu. Ya saba hakuimaliza, iliishia kwenye "Zu".

Ningeitika, angejua upande gani wa kuja. Dungu lilikuwa karibu. Lilikuwa karibu kuliko Masudi na ile kalvati.

Watu walipofika waliniuliza imekuwaje. Nikasema aliitwa na mtu, akaitika, akaenda. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa mtoto na naogopa fimbo. Mama akaamini. Mama kafa anaamini. Miaka hamsini na nane nimewasimulia watoto wangu, wajukuu, watoto wa watu, Mwitaji kamchukua Adija. Hakuna Mwitaji aliyemwita Adija. Aliyekuwa anaita ni Adija.

Nikamchukua Yusra nikamweka ndani ya uongo wangu, nikamfundisha kuziba mdomo vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi.

Jumatatu, 26 Februari

Jana nimeishona karatasi mahali pake, sindano ya kushonea mito na uzi mweusi. Leo nimevaa baibui ya Idi nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Nimekaa benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Afisa ni Bwana Anthony, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Kasoma, karudia, kapitisha kidole juu ya uzi.

"Mama, karatasi hii umeishona?"

"Niliichana. Kisha nikaishona."

"Nani alikwambia uchane?"

"Aliyeniambia ni mmoja, aliyechana ni mimi. Usimwandike yeye kabla yangu."

Akavua miwani. "Unaelewa hili linakuondoa kwenye watoto?"

"Mwanangu, ningekuwa sielewi ningekuja na baibui ya Idi?"

Hakucheka. Kaandika maelezo yangu, kanisomea, nimeweka saini. Hawakuniwekea kidole wino. Najua kuandika.

Ijumaa, 1 Machi

Anjelina kaitwa, karudishwa kazini. Kituo kimepewa siku thelathini: ukuta wa bloku, na walezi wote wakafundishwe upya. Mimi watoto basi. Jikoni pia basi.

Mwalimu Cecilia kanipita njiani. "Umenivua nguo, mama." Nikamjibu, "Nimeanza kuvua zangu." Akaenda zake.

Jumapili, 3 Machi

Mama Yusra kaja nyumbani kwangu. Nimemwekea kiti, hakukaa.

"Nilikuwa nakuachia mwanangu kwa muda wa saa kumi kila siku," akasema. "Nilikuwa nakuita Bibi. Siku ile nilikuona na mwavuli. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unanisikia naita."

"Nilikusikia."

Nilimsogezea uso kidogo, nikidhani atanipiga. Ningemshukuru. Hakunipiga. Alisimama anatazama mkeka wangu.

"Mwalimu Anjelina ana wazo," akasema mwisho. "Anasema mtoto amefungwa na sauti yako, sauti yako ndiyo imfungue. Utakaa nje ya ukuta, hakuoni. Mwalimu atakaa naye ndani, kamshika mkono. Utamwita. Kila siku, mpaka aitike. Akikataa miaka miwili, utaita miaka miwili."

Nikasema, "Haya." Safari hii nitakwenda.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeandama, leo saumu ya kwanza. Ukuta mpya umefika kimo cha mtu. Saa tisa nimekwenda. Watu wanapita wanatazama, bibi mzima anaita ukuta. Nimemwita mara tatu. Kimya. Mwalimu Anjelina katoka kuniambia, "Kaziba mdomo, Bibi. Mikono yote miwili."

Sijawahi kumwita Mwalimu. Leo nimeandika Mwalimu na sifuti.

Jumatano, 13 Machi

Mara tatu. Mikono miwili.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimeita. Mikono miwili, na kajificha nyuma ya sketi ya Mwalimu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeita. Mikono miwili.

Ijumaa, 22 Machi

Masudi kanisogezea kigoda cha karakana yake nikalie. Nimekataa. Nimeita nimesimama. "Mkono mmoja," kaniambia Mwalimu.

Jumatatu, 25 Machi

Mikono miwili tena. Kulikuwa na radi.

Alhamisi, 28 Machi

Mkono mmoja. Kamuuliza Mwalimu, "Bibi anaitikaga?" Mwalimu kanifikishia swali. Nimeshika njia ya nyumbani.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeita. Mvua zinapungua, njia imekauka, sauti inafika vizuri. Kimya.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda saa tisa kama kawaida. Nimemwita mara tatu. Kimya. Nimefunga kanga vizuri nianze kuondoka.

Ng'ambo ya ukuta, mtu nisiyemwona akaniita.

"Zuleha."

Jina tupu, kama wanavyoitwa wao kwenye mahudhurio. Sauti ndogo, ya kike, kama anayeomba kitu. Kabla sijafikiri mikono ilikuwa imeshapanda, imeziba. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, barabarani, mchana kweupe, mikono mdomoni. Masudi alizima mashine yake akanitazama.

"Zuleha!"

Nikaona matete. Nikaona yanatikisika. Nikahesabu, ya pili, ya tatu. Ya nne, ikavutwa, "Zulehaaa!" Mikono yangu ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine. Nikaishusha, mmoja, kisha wa pili.

"Abee," nikasema.

Ilitoka mbaya, koo limekauka kwa saumu. Kisha nikamsikia Yusra anamwambia mwalimu wake, bila shaka ndiye aliyempa jina langu, polepole, kama anayetoa taarifa:

"Kaitika. Hajachukuliwa."

Halafu akaniita tena, kuhakikisha. Nikaitika. Akaniita tena. Mwalimu Anjelina, andika hapo pembeni kwa wino wowote unaoutaka: nilisimama kwenye ukuta ule mpaka adhana ya magharibi, naitwa, naitika, na ya saba aliimaliza.